Mkate wa Kufikicha: Maneno ya Mtunza Fedha wa Idara ya Akina Mama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



 Hesabu za Idara ya Akina Mama mmekwisha kusomewa, nazo zitapigwa chapa katika kitabu cha mwaka pamoja na maneno haya yangu. Lakini hesabu, hata zikiwa safi namna gani, hazielezi jambo lilivyokuwa. Zinaonyesha kwamba mwezi wa Desemba tulitoa fedha nyingi, kwamba Januari hatukuwa na kitu cha kurudisha, na kwamba mwezi wa Agosti deni lilikwisha. Wazee waliniita nyumbani kwa mmoja wao wakaniambia, "Mama, usije ukatusomea tarakimu tu. Utueleze mkate huo ni mkate gani, na kwa nini ulituingiza katika aibu." Basi nitaeleza. Nitaanza jikoni, kwa kuwa kosa lilianzia jikoni, na dawa yake tuliipata huko huko.

Mkate wenyewe ni huu. Unga wa ngano hufikichwa pamoja na siagi na sukari mpaka uwe kama chenga za mchele. Sehemu kubwa ya chenga hizo hushindiliwa chini ya sinia. Juu yake hutandazwa matunda yaliyopikwa. Kisha chenga zilizobaki hunyunyizwa juu ya matunda, na sinia huingizwa motoni. Mkate ukipoa hukatwa vipande vya mraba, na kila kipande huweza kushikwa mkononi bila sahani wala kijiko. Hautiwi hamira ya kuumua, hausukumwi kwa kifimbo, wala hautaki mayai ya kupigwa mpaka mkono uume. Jirani zetu Waswahili wa Mombasa wana mkate wa mayai, mkate wa kumimina, mkate wa sinia na mkate wa mofa, kila mmoja umepewa jina kwa kitu chake au kwa kazi yake. Nasi tukauita huu mkate wa kufikicha, na jina limekaa.

Najua kwamba wako miongoni mwenu waliosema kuwa hiki ni chakula cha Wazungu, na kwamba akina mama wa chama hiki wangefanya vema zaidi kuuza maandazi. Sikatai kwamba asili yake ni Uingereza. Lakini nataka mfahamu ni chakula cha namna gani huko kwao. Mwezi wa Januari mwaka 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza ilianza kuwapimia watu siagi na sukari kwa vitabu vya mgao, na upimaji wa vyakula haukwisha kabisa mpaka Julai mwaka 1954. Wengi husema kwamba ni katika miaka ile ndipo matunda ya kufunikwa kwa chenga za unga yalipoenea, kwa sababu chenga hutumia unga na mafuta machache kuliko andazi zima la kufunika matunda juu na chini. Basi si chakula cha karamu za wakubwa. Ni chakula cha mama aliyepimiwa siagi yake, akatazama matunda aliyo nayo uani, akatafuta njia. Hali hiyo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Na kuhusu maandazi, katika mtaa wetu kila kona ina muuza maandazi, na wengi wao ni wajane. Sikuona vema chama chenye mfuko wake kishindane nao.

Sababu yetu hasa ilikuwa maembe. Kila mmoja wenu aliyepita soko la Kongowea kati ya Novemba na Machi ameona. Malori huja na maembe ya Kilifi, ya Kwale na ya bara. Na jioni, yaliyopondeka upande mmoja, au yaliyoiva kupita kiasi kwa joto la njiani, hurundikwa kando, na asubuhi hutupwa. Mnunuzi huchagua kwa jicho, na embe lenye doa hana haja nalo, ingawa ukikata doa lile nyama iliyobaki ni tamu kuliko ya embe zuri. Zamani doa lilikuwa doa tu. Tangu mwaka 2003, alipoonekana katika Kenya yule nzi mgeni wa matunda anayetaga mayai ndani ya embe, imetubidi kuwa waangalifu zaidi: embe lenye tundu dogo na ulaini kuzunguka tundu hilo hupasuliwa kwanza, na likiwa na funza hatulikati kando, twalitupa lote. Yaliyo safi huuzwa kwa bei ya chini mno saa ya kufunga soko. Tulipoyaona tukasema, hapa pana faida. Hatukukosea katika hilo. Tulikosea katika mengine yote.

Sasa nifike kwenye aibu. Mwezi huo wa Desemba tuliomba mkopo kutoka Mfuko wa Msiba ili tununue unga, siagi, sukari, masinia, na tanuri moja la bati la makaa. Halmashauri ilikubali, nami ndiye niliyetia sahihi. Tukaoka masinia 12 siku moja, siku ya Ijumaa, ili tuuze Jumamosi katika michezo ya watoto na Jumapili baada ya ibada. Wengi wetu tulikuwa hatujaoka hata sinia moja kabla ya siku hiyo. Tulikuwa tumemwona mwenzetu mmoja akioka moja, likawa zuri, tukadhani kwamba kazi ya masinia 12 ni ile ile iliyorudiwa.

Maembe tuliyakata tukayamwaga juu ya unga bila kuyapika. Katika nyama ya embe bivu, zaidi ya sehemu 8 katika 10 za uzito wake ni maji. Moto ulipolifikia, maji yale yalitoka, yakashuka, nao unga wa chini ukawa kama uji uliolala. Lakini juu chenga zilikuwa na rangi nzuri, ya kahawia kama ngozi ya mkate wa duka, na jicho letu likaishia hapo. Tukatoa masinia, tukakata mikate ingali moto kwa kuwa giza lilikuwa linaingia, tukavipanga vipande katika makopo na kuyafunika vifuniko. Mvuke ukazuiliwa ndani usiku kucha, katika joto la Mombasa la Desemba. Siku ya Jumamosi tuliuza kiasi, maana watoto hawachagui. Kufika Jumapili makopo yalipofunguliwa yalitoa harufu ya chachu. Mama mmoja aliyekuwa amenunua vipande 6 siku iliyotangulia alivirudisha, akaviweka mezani mbele yangu mstari mmoja, akadai fedha zake. Nilimpa. Wakaja wengine.

Katika wiki ya pili ya Februari tulifiwa na mwanachama. Sitamtaja jina, mnamjua, na jamaa zake wamo ukumbini humu. Mfuko wa Msiba, uliopaswa kulipa jeneza na gari la kumpeleka marehemu nyumbani, ulikuwa na upungufu, na upungufu huo ulikuwa kiasi kile kile tulichokikopa sisi. Marehemu alingoja siku 2 zaidi. Wazee wawili, ambao mmoja wao haoni vizuri usiku, walipita nyumba kwa nyumba wakichanga fedha ambazo zilikuwa zimekwisha kuchangwa. Hayo hayamo katika hesabu mlizosomewa, kwa kuwa hesabu hazina safu ya kuandikia jambo kama hilo. Nimeona yafaa yawemo katika kitabu hiki.

Halmashauri ilitaka kuiuza tanuri na kufunga kazi. Tuliomba tupewe mpaka mwisho wa Aprili, tena bila kupewa hata senti moja, tujifunze kwa fedha zetu wenyewe. Tulianza upya na bati moja dogo, kila Jumamosi. Akina mama wanne tulioka, na wengine walikula wakatuambia kweli. Nayataja tuliyojifunza kwa kirefu, maana baadhi yenu mtapenda kuwapelekea wake zenu na binti zenu, na kitabu hiki hukaa nyumbani kuliko maneno ya mdomo.

Kazi yote ya mkate huu ni vita na maji. Nyama ya embe safi, kilo moja baada ya kumenya na kutoa kokwa, hukatwa vipande vidogo ikatiwa sufuriani na sukari gramu 100, ikapikwa kwa moto wa wastani bila kifuniko. Mara ya kwanza itatoa maji mengi hata udhani umeharibu. Endelea kukoroga. Maji yatapungua, sauti ya sufuria itabadilika kutoka kuchemka kwa wepesi hadi kutokota kwa uzito, na ukipitisha mwiko chini ya sufuria utaona njia yake inabaki wazi kwa muda kidogo kabla ya kufunikwa tena. Hapo ndipo hutiwa vijiko 2 vya chakula vya ule wanga mweupe wa mahindi, uliokorogwa kwanza katika maji baridi kidogo usije ukashika madonge. Lazima utokote tena dakika moja au mbili baada ya kutia wanga, kwa kuwa wanga haushiki mpaka upate moto wa kutosha. Ukiuondoa mapema utaonja ladha ya unga mbichi, na maji yatajitenga baadaye. Mwisho kabisa, sufuria ikiisha kuepuliwa, hukamuliwa ndimu 2. Sisi tulikuwa tukitia ndimu mwanzoni, tukashangaa kwa nini matunda hayazitiki. Kumbe ukali wa ndimu ukichemshwa sana pamoja na wanga huulegeza. Atakaye iliki na atie, lakini kidogo. Kisha matunda hayo huachwa yapoe kabisa kabla ya kugusa unga. Ukiyamwaga ya moto, siagi ya chini itayeyuka kabla haijaokwa.

Embe lenye nyuzi nyingi hupitishwa katika chekeche. Ngowe halina taabu hiyo. Embe ambalo halijaiva sana likichanganywa na bivu hutoa ladha nzuri zaidi, maana tamu peke yake huchosha ulimi.

Kwa upande wa unga, vipimo vyetu vya sinia moja lenye urefu wa sentimita 33 na upana wa sentimita 23 ni hivi: unga wa ngano gramu 450, sukari gramu 200, siagi gramu 250, ambayo ni kopo zima la kiasi hicho kama linavyouzwa dukani, chumvi nusu kijiko cha chai, na poda ya kuokea kijiko kimoja cha chai. Nisemapo siagi nasema hii ya kopo tunayopaka mkate, maana siagi ya maziwa ni ghali, ingawa ndiyo tamu zaidi. Vitu vikavu huchanganywa kwanza. Kisha siagi hukatwa vipande na kufikichwa katika unga kwa ncha za vidole, unga ukiinuliwa na kuachwa uanguke, mpaka pasionekane donge la siagi na unga ukifumbatwa mkononi ushikane, ukiguswa uachane. Viganja visitumike, kwa kuwa vina joto.

Habari ya joto ilitutesa kuliko tulivyotazamia. Mapishi ya namna hii yaliandikwa katika nchi za baridi, ambako siagi ni ngumu kama sabuni. Msimu wetu wa maembe ndio msimu wa jua kali, na hapa Mombasa siagi mchana hulegea kama mafuta ya kujipaka. Ukiifikicha hivyo hupati chenga, unapata tope, na tope likiokwa huwa gumu kama kigae. Wenye friji hawana shida. Sisi wengine tunafanya kazi hii saa 11 alfajiri. Kopo la siagi hulala ndani ya beseni la maji lililofunikwa kitambaa kibichi mahali penye upepo, na mikono huoshwa kwa maji baridi ikakaushwa vizuri. Unga ukianza kung'aa mikononi, acha, uweke kando, ukapike matunda kwanza. Wala usitie maji katika unga huu kwa nia ya kuushikanisha. Mafuta ndiyo yanayozuia unga wa ngano usifanye mnato. Ukitia maji na kuukanda, umetengeneza chapati.

Unga ukiisha, theluthi mbili hushindiliwa chini ya sinia kwa mgongo wa kikombe, hata kwenye pembe, maana pembe zikiwa nyembamba huungua. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo lingalituokoa mwezi wa Desemba: sehemu hii ya chini huokwa kwanza peke yake, dakika 15 hivi, mpaka ianze kugeuka rangi pembeni. Unga uliokwisha kuokwa haunywi maji upesi kama unga mbichi. Baada ya hapo ndipo hutandazwa matunda, hunyunyizwa theluthi iliyobaki bila kuishindilia, na sinia hurudi motoni dakika 35 hadi 40 zaidi.

Kuhusu moto nitasema kidogo tu, maana kila tanuri lina tabia yake na hapana maneno yanayoweza kukufundisha lako. Letu lilifuliwa na mafundi wa jua kali. Lina droo ya makaa chini na bamba la makaa juu. Mwenye kipimo cha joto na atazame nyuzi 180 za sentigredi. Asiye nacho na anyunyize unga kidogo juu ya kipande cha bati akiingize ndani: ukigeuka kahawia isiyokoza kwa dakika 5 hivi, moto ni wa kadiri, ukiwa mweusi, punguza. Makaa ya chini yawe mengi wakati wa kuoka unga wa chini, kisha mengine yahamishiwe juu. Mama asiye na tanuri aweza kuoka nusu ya vipimo hivi katika bati la mviringo, ndani ya sufuria kubwa iliyotiwa mchanga mkavu, kwa kufunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Hayo tulifundishwa na bibi mmoja jirani yetu, ambaye ameoka mkate wa mayai hivyo tangu akiwa msichana, naye alicheka sana aliposikia kwamba tumekopa fedha za chama kununua tanuri.

Mkate umeiva wakati matunda yanapotokota pembeni mwa sinia, si wakati juu palipopata rangi. Kisha uachwe. Saa 3 kwa uchache, mahali penye hewa, bila kufunikwa ila kwa kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Katika muda huo siagi hushikana na wanga hukaza, na kisu hukata safi. Kuusubiri huku ndiko kugumu kuliko kazi yote, hasa watoto wakiwa mlangoni.

Matunda mengine tuliyajaribu baada ya Machi. Mapera ni bora hata kuliko maembe, kwa kuwa yana ule utomvu wa asili unaogandisha jemu. Hayataki wanga kabisa, ila mbegu zake zataka chekeche na uvumilivu. Nanasi ni tamu lakini lina maji kama kisima, na hupikwa muda mrefu zaidi. Ndizi hazikufaa. Plamu za Limuru zingefaa sana, lakini zikifika Mombasa bei yake si ya watu kama sisi.

Vipande havikai. Kwa joto letu tunauza siku 2 tu, ile ya kuoka na ya pili yake, na kinachobaki huliwa na waokaji. Tunafunga kwa karatasi, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa katika nchi hii tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwa bahati njema karatasi hupitisha mvuke ambao kopo lilituzuilia. Wote wanaoshika chakula wamepimwa na wana vyeti vya afya. Maduka mawili yametuomba tuwapelekee bidhaa zilizofungwa na kutiwa jina. Tumekataa kwa sasa, kwa kuwa kufanya hivyo kunataka alama ya ubora ya KEBS, na kazi yetu haijafikia hapo.

Sasa hesabu. Bei ya unga haikai mahali pamoja, kwa sababu sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya hutoka nchi za nje, na bei ya siagi hufuata njia yake yenyewe. Kwa hiyo tuliacha kuanza na shilingi. Tunahesabu kwa vipande. Sinia moja hukatwa vipande 24, mistari 4 kwa 6. Kwa bei tunayouzia, vipande 5 hulipa siagi, 2 hulipa unga, 2 sukari, 3 maembe, ndimu na wanga, 3 makaa, na 1 hulipa karatasi na vitu vidogo vidogo. Kimoja huvunjika, hata mwokaji hodari huvunja kimoja. Hivyo ni vipande 17. Vinne ni ujira wa mama aliyeamka alfajiri. Vitatu vilivyobaki ndivyo vya chama. Mwezi wa Desemba hatukuhesabu makaa, wala ujira, wala kilichovunjika. Tuliona vipande 24, tukaondoa unga, sukari na siagi, tukafurahi.

Mmeona basi kwamba fungu la chama ni vipande 3 katika kila sinia. Katika miezi hii mizuri, kila tulipoleta sinia hapa ukumbini, baba zetu waliomba kuonja. Nasi ni binti zenu, hatuwezi kumnyima mzee. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali, na wazee watatu wakionja, sinia lile halikuoka kitu kwa ajili ya chama. Nasema hili kwa heshima zote, nikijua kwamba baadhi ya waonjaji wameketi safu ya mbele.

Deni lililipwa lote, kama mlivyosomewa. Lakini msifikiri kwamba lililipwa kwa vipande 3 kila sinia. Kwa njia hiyo tungalikuwa tunalipa hata leo. Tangu Mei mpaka Agosti waokaji wanne waliacha ujira wao pia, wakatoa vipande 7 vyote kwa Mfuko wa Msiba. Mmoja wao ana watoto watatu shuleni. Sikuwaomba, waliamua wenyewe, kwa kuwa nao walikuwapo Desemba wakikata mikate ya moto gizani.

Bwana Mwenyekiti, nina ombo moja, nalo si la fedha. Katika ajenda ya leo limo pendekezo kwamba Idara ya Akina Mama ikopeshwe tena kutoka Mfuko wa Msiba, mara mbili ya kiasi cha kwanza, ili tununue tanuri la pili kabla ya msimu wa maembe. Waliolileta wametutakia mema, na nawashukuru. Mimi naomba pendekezo hilo likataliwe, na badala yake liandikwe azimio kwamba Mfuko wa Msiba haukopeshi kazi yoyote ya biashara, iwe ya akina mama au ya akina baba, hata kama mtunza fedha atakuja kuomba kwa machozi. Turuhusiwe kuwa na daftari letu na sanduku letu, likaguliwe na wazee kila miezi mitatu, na tanuri la pili linunuliwe siku sanduku hilo litakapotosha. Kwa hesabu yangu si mwaka huu. Tutaoka kwa moja.

Najua litaonekana jambo la ajabu kwamba mwenye kuhitaji ndiye anayeomba anyimwe. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa sanduku mwezi wa Februari, wazee walipokuja usiku ule kuuliza pana kiasi gani, na mimi ndiye niliyewaambia.

Masinia mawili yako nyuma ya ukumbi, yamepoa tangu saa 4. Ni ya maembe, ya kwanza ya msimu huu. Mama aliyekaa pale ana chenji.